Beseni Moja, Kofia Moja ya Chuma

Kwake haukuingiaka na kitu ku kichwa. Ukuwe mama wa kitambala, pasteri wa kofia ya sufu, polisi wa béret, ama motard, mwenye kubeba watu na pikipiki, kama miye na casque ya moto, ulikuwa unavua ku mulango, unaweka ku kibao yenye ilikuwa inje, kisha njo unaingia. Hakukuwa maandishi yoyote ya kukataza. Yeye mwenyewe alikuwa anatazama kichwa yako kimya, wembe mu mukono, mupaka unaelewa. Kama hauelewi, alisema pole pole: "Kichwa inakuja kwangu wazi. Nikikata nywele juu ya kofia, mi ni fundi gani?"

Sasa inua macho ku ukuta. Pembeni ya kioo, juu ya dirisha, nyuma ya kiti ya wateja, kofia tupu. Za chuma. Za vita ya zamani, zenye wazungu walivaa wakati babu zetu walikuwa vijana. Mutu mugeni alikuwa anacheka: nyumba yenye inakataza kofia imejaa kofia mupaka ku dari. Yeye hakuonaka pale kitu ya kucheka. "Zile zinapumuzika," anasema. "Weye unakuja na yako ingali inafanya kazi."

Watu wote wa Mbunya, kartier yetu ya Bunia, tulimwita Coiffeur, ni kusema Kinyozi, wakubwa walisema Muzee Coiffeur, na mi sitamwita jina ingine hapa. Alitoka wapi, baba yake ni nani, usiniulize. Wakati ile ya vita huku kwetu kuuliza mutu anatoka wapi haikuwa swali ya kupitisha wakati. Ilikuwa swali yenye mutu anajibu huku anaangalia mulango uko upande gani. Yeye alikuwa na jibu yake moja kwa watu wote, polisi, mama wa sokoni, hata pasteri: "Siku ya kuzaliwa mi sikukuwa na akili ya kuangalia. Mwenye aliona ni mama yangu, na yeye alisha lala." Basi. Unakaa ku kiti, anakufunga kitambaa mu shingo, na swali inaishia pale.

Kichwa yake yeye ilikuwa bila nywele, safi kama yai. Vijana tulimuchokoza sana. Siku moja mi nilimuambia: "Muzee, nani alikukata hivi mupaka zikakataa kurudi?"

"Nilijifunzia kazi ku yangu," akajibu. "Ya kwako ilinikuta nimesha kujua. Kaa vizuri."

Mi niko mutu wa kasirani, sifichi. Mutu akinigusa, naruka. Mais kwa ule muzee nilikuwa ninakaa kama mutoto mu batême. Watu wa parking yetu ya moto walinicheka, wanasema Coiffeur amenifanyia dawa. Dawa gani. Yeye alikuwa anashika paka tu kichwa yako na vidole mbili, hapa nyuma ya masikio, na unajisikia bubu. Alisemaka kila kichwa iko na mahali yake ya kuogopa, na kinyozi mwenye hajui ile mahali atakata watu maisha yote.

Nikuelezee kofia zilikuja namna gani.

Siku yenye wateja hawako, alikuwa anafunga salon, anapanga mabeseni mupya nyuma ya kinga yake, baiskeli ya zamani, moja ndani ya ingine, nyekundu, bleu, kijani, anafunga na kamba ya mupira, anaenda. Ukimuona kwa mbali unasema ni konokono anapanda kilima. Anapita mu vijiji, anaingia mu viwanja vya watu, anaangalia vyombo vya kuku. Sababu kofia zile, wenye nazo hawakujuaka tena kama ni kofia. Wazungu walikuja nazo kisha vita yao ya kwanza, wengine walifuata zahabu, wengine biashara, wakakufa ao wakarudi kwao, na chuma ikabaki mu nyasi. Mutu anaokota. Mwenye kuosha zahabu anaosheya muchanga ndani. Maçon anapimia simenti. Mama anawekeya kuku maji. Miaka inapita, ni chombo tu.

Kinga yake ilivunjika siku moja, njo mi nikamupeleka na moto upande wa Gety. Mvua ilikuwa imepita, barabara inateleza, yeye nyuma na mabeseni yake yanapiga kelele kama ngoma. Tukaingia ku kiwanja ya mama mmoja mwenye alikuwa anatwanga sombe. Pembeni ya kinu, kuku na vifaranga vyake wanakunywa mu kofia ya chuma, ile yenye iko na kishungi katikati kama jogoo.

"Mama, hodi. Hii chombo ya kuku, unaweza kunipatia?"

Mama akaacha mutwangio. "Hii? Hii nyungu ya mashetani? Unataka kufanya nayo nini, baba?"

"Kuangalia."

"Kuangalia." Akaita jirani yake juu ya lupango: "Mama weye, kuja uone. Kuko mwanaume ametoka Bunia kukuja kuangalia chombo ya kuku."

Jirani akakuja, na watoto, na muzee mmoja na fimbo yake. Coiffeur akatoa beseni ya nyekundu. Mama akaigeuza, akaipiga na kidole, akaiangalia ku jua kama haina tundu. Kisha akaniangalia miye. "Na huyu mwenye amekuleta, naye anaangalia nini?"

"Huyu anaangalia barabara," Coiffeur akasema. "Na hata barabara haioni vizuri."

Wakacheka mupaka ule muzee wa fimbo akakohoa. Mais angalia kitu yenye alifanya kisha. Alimwanga maji ya kofia pole pole, akaenda yeye mwenyewe ku mutungi, akajaza beseni, akaiweka pale pale mahali kofia ilikuwa, akachuchumaa mupaka kuku wa kwanza akakunywa. Hapo njo akasimama, akasema tuende. Njo ilikuwa sheria yake. Beseni moja, kofia moja, na kuku asikose maji sababu ya yeye. Feza hakutoaka hata siku moja. Nilimuuliza ku barabara kwa nini hatoe feza, akasema mutu akisikia feza, kesho anamunyanganya mama yake chombo.

"Na shida iko wapi kuku akikunywa ndani?" nikamuuliza tena. "Kofia haikatae."

Tukapita daraja. Kisha nikasikia nyuma ya sikio yangu: "Kichwa ya mutu ililala mule ndani. Si mahali ya kuku kuweka mudomo." Nikaona amesema kweli. Shika hii neno, sababu itarudi.

Ku ukuta zile za kishungi zingine zilikuwa na sura ya simba kidogo hapa mbele ku paji. Hizo, anasema, za Wabelgiji. Zingine zilikuwa sawa sahani ya bugali imegeuzwa, pana na fupi, za Waingereza, zilivuka upande wa Uganda. Na kulikuwa moja nyeupe ya kitambaa na liège, kama ile ya kufungia chupa, ya wakubwa wa kutembea na fimbo, mais muchwa ulisha kula upande mmoja. Siku alinielezea kama babu zetu wenye walibebeshwa mizigo mupaka Tabora hawakupewa kitu ku kichwa, na askari weusi walipewa kofia ya kitambaa, chuma ilikuwa ya muzungu, mi nilikasirika kama vile ilikuwa jana asubui na wenye walifanya vile wako paka hapa ku rond-point wananingojea. Nikaanza kusema mingi. Akasema: "Kasirika, mutoto, ni haki yako. Mais usitingishe kichwa, niko na wembe."

Sitamufanya mutakatifu. Muzee yule alidanganyaka. Kofia moja ya Wabelgiji, yenye ilikuwa imebonyea upande wa kuume, mi nilisikia habari yake mara mingi, na kila mara ilikuwa habari ingine. Kwa mwalimu alisema mwenye nayo alianguka ku farasi. Kwa mama mwenye alileta mutoto kunyolewa, alisema ni muzungu mwenye alimupenda binti wa Irumu, na binti akamupiga na mwiko. Kwa wachimbaji wa zahabu wenye walitoka Mongbwalu, ilikuwa risasi. Mi nikakasirika, nikamuuliza mbele ya watu: Muzee, ukweli ni ipi?

"Weye ulikuwako?"

"Hapana."

"Na miye hapana. Basi natafuta yenye inamufaa mwenye anasikiliza."

Nilikaa siku mingi bila kumusalimia juu ya ile. Kisha nywele zikaota, nikarudi.

Mambo ingine. Alikuwa mugumu kwa mafuta ya taa, mugumu kwa sabuni, mugumu hata kwa sukari ya chai, unakunywa kwake chai yenye imesikia habari ya sukari kwa mbali. Mabeseni yale alitoa kama vile yanaota ku muti. Aliogopa radi kama mutoto, mais siku risasi zilikuwa zinalia upande wa kaskazini, yeye anamaliza kwanza kichwa yenye iko ku kiti. Alinyoa askari, alinyoa vijana wenye walitoka mu pori na bunduki yao wameiacha wanajua wenyewe wapi, alinyoa watu wa upande huu na watu wa upande ule, na mara zingine walikutana ku benchi moja, kichwa wazi wote, kofia zao zimelala inje ku kibao bega kwa bega. Benchi ile ilikuwa na kimya yake. Nani anavaa nini inje, mule ndani hakukuwa alama.

Kulikuwa kijana mmoja soudeur, mwenye kuchoma chuma, wa avenue yetu. Alisikia muzee anabadilisha kofia na beseni, na mama yake alikuwa anataka beseni. Akachukua chuma ya brouette, toroli ya zamani, akaipiga, akaipiga, akachoma kishungi juu, akachora simba na msumari, akaizika mu udongo ili izeeke, akaileta. Mi nilikuwa ku kiti, povu ya sabuni ku masikio. Niliona mara moja. Nikasimama na kitambaa yangu mu shingo, nikamuambia ule kijana nitamuvalisha ile kitu yake na nyundo.

"Kaa," Coiffeur akasema. Akapokea kofia, akaigeuza, akaipeleka ku mulango ku mwangaza. "Simba yako inafanana na mbuzi."

Soudeur akaangalia chini.

"Kazi ya nyundo lakini ni muzuri. Hapa ku mukunjo, hapa hata fabrike ingesema aksanti." Akaingia nyuma, akatoa beseni ya bleu. "Musalimie mama."

Mi nilitaka kupasuka. Yeye akapachika ile kofia ya brouette ku mahali ya heshima, juu ya kioo, mahali kila mutu anaiona wakati ananyolewa. Nikamuuliza kama anajichekesha.

"Hii haijaenda vita yoyote," akasema. "Njo inapita zote."

Sasa nifike ku kosa yake, sababu aliifanya kosa, na ilikuwa kosa ya mapendo. Kila siku ya posho, juma ikiisha, kama wateja wamekwisha, alikuwa anashusha kofia moja moja, anazisugua na majivu ya makaa, anazipaka mafuta ya mawese kidogo na kitambaa, anazisugua tena. Chuma ile ilikuwa inameta. Kutu hata kama ncha ya sindano hakukuwa. Mi mwenyewe nilisema: Muzee, sasa mutu anaweza kujitazamia humu ndani. Akafurahi. Siye wote tulifurahi. Hakuna mwenye alifikiri kama kitu ya zamani yenye inameta inakuwa kitu ya leo.

Tulikuwa mu ile amani ya kulala na jicho moja wazi. Askari walikuwa wanafanya fouille mu vikartier, wanatafuta silaha na effets, njo wanaita vitu vyote vya jeshi, nguo, mukanda, viatu, casque. Mutu raia kushikwa na effets ilikuwa si muchezo. Na mutu fulani akaenda kusema kwa wakubwa kama Coiffeur wa Mbunya anakusanya casque za kuvalisha vijana wa pori.

Walikuja asubui. Mi nilikuwa ku parking, nikasikia, nikakuja na moto mbio mupaka nikaangusha kibao ya inje. Ndani kulikuwa askari, na commandant wao amesimama mbele ya ukuta mikono nyuma. Askari mmoja ameshika kofia ya sahani, anaigonga na kidole. "Tala, oyo ya sika," akamuambia mwenzake. Hata mwenye hajui Lingala aliweza kusikia mu sauti yake kama anasema hii ni ya mupya.

Nikaanza. Nilisema mambo yenye sitarudilia. Nilisema muzee huyu ananyoa hata watoto wenu, nilisema mwenye alimuchongea nitamutafuta, nilisema na mengine. Askari mmoja akanisukuma mu kifua.

"Motard," Coiffeur akasema. Alikuwa amekaa ku kiti yake mwenyewe ya wateja, mara ya kwanza namuona pale. "Uko na casque ku kichwa."

Kweli, nilikuwa nayo. Nikaivua. Na askari mmoja kijana, mwenye alinyolewaka pale, akasahau mahali iko, akavua yake vilevile. Commandant akamuangalia. Kijana akairudisha haraka.

Commandant hakukuwa mutu mubaya, na mujinga hakukuwa. Akasema: "Muzee, wanasema hizi ni za zamani. Mi naona zinangaa kuliko zangu."

"Ni mafuta, Commandant. Nazipaka kila posho."

"Kila mwenye kukamatwa iko na neno yake. Baba yangu alitengenezaka kinga, najua chuma. Casque ya leo si chuma, ni plastiki ya nguvu, ao ni chuma na rangi yenye mvua haiingii. Ya zamani, ukiiacha bila mafuta, itakula kutu mbele ya mwezi." Akafikiri. "Niko na njia mbili. Nakupeleka leo na dosie yako na hizi vitu kwa wakubwa, na huko si miye nitasema tena. Ao nazipeleka kambini, naziweka inje, mvua inaanza. Zikikula kutu, unarudisha jina yako. Zikikataa, mi mwenyewe nitakuja kukuchukua."

Nikaona uso wa muzee. Njia ya kwanza ingeziacha kofia safi, yeye amefungwa mu cachot. Njia ya pili yeye ku nyumba, kofia kuoza. Miaka yake yote ya majivu na mafuta. Watu walikuwa wamejaa ku mulango, majirani wa kushoto na wa kuume, na kila mutu alikuwa anangoja ajibu, na wengine sijui walikuwa wanangoja jibu gani.

"Ni mvua," akasema. "Mais mafuta nitaitoa miye mwenyewe. Askari watasugua vibaya."

Nikamupeleka kambini nyuma ya pick-up yao. Pale ku kiwanja, mbele ya nyumba za wake wa askari, alivua kofia ya sufu yenye alikuwa anavaa inje, akapiga magoti, akaomba maji ya moto na sabuni. Akaosha kofia moja moja. Alikuwa anatoa mafuta ku kila mukunjo, ku kila tundu ya musumari, ku simba kidogo hapa mbele, na kidole, pole pole kabisa, kama vile ananyoa mutoto. Wanawake wa kambi walitoka kuangalia. Hakuna mwenye alicheka. Ile ya brouette nayo aliiosha. Kisha akazipanga mu nyasi, mudomo juu, ili maji ikae, akavaa kofia yake, akaniambia nimurudishe ku kazi, kuko kichwa ya mwalimu aliiacha nusu.

Mvua ya mwaka ule ilinyesha kama inamusikia commandant.

Kwa ile wakati yote ukuta wake ulibaki na misumari tupu na alama za mviringo mahali kofia zilikuwa. Watu walipunguka. Kunyolewa na mutu mwenye iko na dosie, kila mutu anafikiri mara mbili. Mi nilikuwa nakuja kila siku, hata kama nywele hakuna, nakaa ku benchi ili mwenye anapita aone kuko mutu. Na kila siku namuuliza swali moja: nani alikuchongea? Sababu yeye alijua. Shefu wa kartier alimuambia ku sikio, na shefu mwenyewe alinihakikishia, mais jina hakutaka kunipa.

"Sema tu, Muzee."

"Nikikuambia, utamupiga."

"Nitamupiga, ndiyo."

"Basi nitakuwa nimekusanya kofia za vita bure."

Siku ingine alinisemea kitu yenye inaniumiza mupaka leo. Alisema: "Alikuja juzi. Nilimunyoa. Nilipofika ku shingo, alikamata kiti na mikono mbili. Nikamuambia, weka mikono chini, utaharibu kazi." Akapangusa wembe. "Alikuwa anaogopa hapa," akaonyesha nyuma ya sikio, "mahali moja na weye." Nilitoka mule nikazunguka Mbunya yote naangalia shingo za watu zenye zimenyolewa mupya. Ni wengi mno. Wote walinyolewaka kwake.

Kisha commandant akatuma mutu. Tukaenda. Commandant alikuwa ku mulango wa kambi, anacheka kidogo. "Muzee, mvua imetoa ushahidi. Zimekuwa nyekundu kama barabara ya Gety. Jina yako nimeiandika safi, na shefu wa kartier ataitangaza ku kanisa zote. Chukua vitu vyako."

Mi nikapiga kelele ya furaha. Coiffeur akasema aksanti, akaingia mu kiwanja, akasimama.

Kofia hazikukuwa tena mu nyasi. Wake wa askari, wenye wanahamishwa kila mara na vyombo havitoshi, walizichukua. Moja ilikuwa na maji ya kuku. Moja mama aliwekeya majivu ya kuoshea vyombo. Mu ya brouette walipanda vitunguu, na vilikuwa vinaota vizuri. Na mu ile ya Wabelgiji yenye imebonyea, ile ya habari mingi, kuku mwekundu alikuwa ameatamia mayai, anatuangalia na jicho moja.

Nikaanza kuzikusanya. Akanishika mukono.

"Huwezi kumunyanganya mama chombo yake."

"Muzee, hizi ni zako. Commandant amesema."

"Commandant hakunyweshaka kuku hapa."

Akaniambia turudi Mbunya. Nilifunga mabeseni nyuma ya moto huku natukana ukoo mzima wa mabeseni. Tukarudi kambini, akapita mulango kwa mulango, beseni moja, kofia moja, alijaza maji mahali ya maji, alihamisha majivu, vitunguu alihamisha na udongo yake. Nikabeba kofia mu gunia, chuma inaacha unga mwekundu ku mikono yangu. Ilibaki ile ya kuku.

Mama mwenye kuku alikuwa muke wa sergent, mutu wa maneno. "Baba, beseni ni muzuri, mais beseni inapasuka. Na huyu kuku hapendi wageni. Kuja wakati vifaranga vimetoka."

"Nitakuja," akasema. Akachuchumaa pale wakati murefu anaangalia ule kuku, na mi nilikuwa nangoja aseme neno juu ya kichwa ya mutu na mudomo wa kuku. Akasimama, akasema tuende.

Salon ikafunguka vizuri tena. Alirudisha kofia ku ukuta na kutu yake. Majivu na mafuta, akaacha. Posho ikifika alikuwa anakaa inje anaota jua. Nikamuuliza kama amechoka, akasema ni macho yake njo yamechoka. Kofia ya Wabelgiji musumari wake ulibaki wazi, sababu mbele vifaranga vitoke, sergent alihamishwa, na muke, na watoto, na kuku mu kikapo, kofia chini yake.

Mwaka huu mi nilipeleka mutu wa biashara Iga Barrière. Nilikuwa natafuta kivuli ya kungojea, nikapita nyuma ya nyumba za askari, nikasikia sauti yenye najua: "Kaa vizuri, mutoto." Coiffeur. Amekaa ku kiti ya mbao, mutoto wa sergent katikati ya magoti yake, kichwa nusu imenyolewa. Kinga yake imeegemea ukuta, beseni moja ya kijani imefungwa nyuma. Pembeni ya muguu wake kulikuwa ile kofia yenye imebonyea, nyekundu na kutu, imejaa maji ya sabuni. Alikuwa anachovya wembe ndani.

Nikasimama. Maisha yote sikumuonaka kutumikisha kofia hata moja.

"Muzee, ni ile?"

"Ni ile."

"Njo umekuja kuichukua."

"Mama alikataa beseni." Akachovya wembe, akaupangusa. "Nimeileta mara nyingi. Kila mara anasema beseni inapasuka."

Muke wa sergent alikuwa ku mulango na mwiko mu mukono. "Nimemuambia aache kujichokesha, baba huyu, ule kuku amesha tagia humo mara ingine na ingine, mi nitamuambia nini kuku?" Akaingia ndani anacheka.

"Na weye unakuja paka hivi," nikasema. "Kilima yote ile na kinga."

"Watoto wake wako na vichwa," akajibu. Kisha, bila kuniangalia: "Mi nilikuwa natoa hizi vitu kwa kuku, napeleka ku ukuta. Miaka yote. Nikafikiri ku ukuta njo zinapumuzika." Akanyoa musitari mmoja murefu, polepole, mupaka nyuma ya sikio. "Kuku alijua, mais hakuniambia kitu."

Mutoto akamalizika, akapangusa kichwa yake na mikono, akakimbia. Coiffeur akamwanga maji, akasugua kofia na nyasi kidogo, akaipeleka chini ya muti wa avoka mahali vifaranga vilikuwa, akajaza maji safi. Akarudi, akapiga kiti na kitambaa.

"Kaa. Hizo nywele zako zimekuwa pori."

Nikakaa. Akanitazama kimya, wembe mu mukono. Nikaelewa, nikavua casque yangu ya moto, nikaiweka chini ku mahali ya ile ingine. Akaiangalia, akaigonga na kidole ya muguu, ku ufa yenye ilipata siku nilianguka Nizi.

"Hiyo nayo," akasema, akinishika nyuma ya masikio, "siku utaichoka usiitupe. Niko na beseni."